Kutafuta Mwenye Kampuni

Kabla ya kuajiriwa na kampuni ya mbegu, nilikuwa nauza katika duka la vitambaa Ifakara mjini, kwa mzee mmoja ambaye wazazi wake walihamia huku kutoka pwani. Alikuwa mpole wa maneno, na ndiye aliyenifundisha kukadiria kitambaa kwa jicho kabla ya kukigusa kwa rula. Nilifungua duka asubuhi nikafunga jioni, siku zote saba za wiki. Sikuwa na karatasi yoyote ya ajira. Nilipougua, mke wake alinipikia uji na kuuleta mwenyewe hadi chumbani kwangu. Nilipojifungua binti yangu, waliniletea doti mbili za khanga, sabuni na mchele, na msichana aliyebeba mchele huo alikuwa ameshachukua nafasi yangu dukani.

Mzee alikuja baada ya wiki moja. Alikaa kwenye kiti cha mbao, akawa anaangalia sakafu.

"Binti yangu, duka haliwezi kukaa miezi mitatu bila mtu," alisema. "Unanielewa?"

"Nakuelewa, mzee."

Nilimwelewa kweli. Alikuwa na duka moja na watoto sita. Aliona aibu, na aibu ile niliiona kwa macho yangu, maana alisahau hata kumwangalia mtoto. Hadi leo nikipita mtaa ule naingia kumwamkia.

Kwa hiyo, miaka kadhaa baadaye, niliposikia kwamba kampuni kubwa ya mbegu imepata ardhi ng'ambo ya Idete na inatafuta makarani wanaojua kuandika vizuri, nilikwenda. Watu walinionya. Wengine walisema makampuni makubwa yanakamua watu kama miwa, wengine wakasema ndiyo yatakayotutoa kwenye tope. Mimi nilitaka kwenda kuona.

Mkataba ulikuwa na kurasa saba. Niliusoma wote nimesimama dirishani, watu wakiguna nyuma yangu. Likizo ya mwaka ilikuwamo. Likizo ya uzazi ilikuwamo. Buti, koti la mvua, matibabu. Kila aya ilisema "mwajiri atafanya" hiki na kile. Mwisho kabisa palikuwa na nafasi ya sahihi yangu na, upande wa pili, mhuri.

"Samahani," nilimwuliza kijana wa utumishi. "Huyu mwajiri ni nani?"

"Kampuni."

"Najua. Lakini ni nani?"

"Dada, weka sahihi. Kuna foleni."

Nikaweka.

Kazi yangu ilikuwa kuandikisha vibarua asubuhi na kuhakikisha kila mmoja yuko kwenye kitalu chake. Wengi walikuwa wanawake. Kwenye mpunga walipita mstari kwa mstari wakitafuta miche migeni na kuing'oa, ili mbegu isichanganyike. Kwenye mahindi waling'oa mbelewele, yale maua ya kileleni yanayotoa chavua, kwenye mistari fulani na kuziacha kwenye mistari mingine, kazi inayotaka jicho na inayoumiza shingo. Saa sita kulikuwa na wali na maharage. Kulikuwa na nesi kwenye kontena lililopakwa rangi nyeupe. Mama mmoja aliyekuwa amelima vibarua vya watu tangu usichana wake aliniambia kwamba buti za kampuni zilikuwa viatu vyake vya kwanza kuvaa shambani. Alizivaa hata kanisani, akiziosha Jumamosi.

Nataka niseme hili mapema, kwa sababu wanaosikia sehemu inayofuata hudhani nilikuwa najuta. Sikujuta. Nililala nikijua kwamba nikipata mimba nyingine kazi itanisubiri. Kitu hicho mzee wa duka, pamoja na wema wake wote, asingeweza kunipa.

Lakini shamba la mbegu ni shamba lenye wivu. Chavua ya mahindi husafiri na upepo, kwa hiyo jirani wa karibu aliombwa asipande mahindi yake ya kienyeji. Kampuni iliwapa majirani mbegu za ufuta, na wengi walikubali ingawa ufuta hausongwi ugali. Halafu mwaka wa pili ng'ombe wa wafugaji walipita kwenye kitalu cha mpunga kilichokuwa karibu kukaguliwa, kitalu kizima kikakataliwa kuwa mbegu. Baada ya hapo ukaja uzio. Nguzo za zege na nyaya za seng'enge, zimenyooka kama zimepigwa kwa rula.

Uzio ulikata njia. Nyuma ya shamba kulikuwa na kitongoji cha kaya chache, na watu wake walikuwa wakipita katikati ya majaruba kwenda zahanati, shule na barabara kubwa. Ilikuwa mwendo wa nusu saa. Sasa walitakiwa kuzunguka kwa kufuata mfereji, wavuke kwa gogo, wapite kwenye mbuga. Kiangazi mzunguko huo ulichosha tu. Masika mbuga ilijaa maji.

Mwenyekiti wa kitongoji alikuja ofisini na barua. Niliipokea mimi, nikaipeleka kwa meneja wa shamba. Meneja alikuwa mtu wa makamo aliyesomea kilimo, mwenye sauti ya taratibu, na alikuwa na mazoea ya kuamkia wazee wa kijiji kwa kuvua kofia. Aliisoma barua mara mbili.

"Wana haki," alisema. "Mimi mwenyewe ningewafungulia leo."

"Basi tuwafungulie."

"Uzio si wangu, dada. Mchoro ulipitishwa Dar es Salaam, na Dar walipitishiwa kutoka nje. Nikitoboa tundu, kitalu kinapoteza sifa ya kuzalisha mbegu. Nimeshawaandikia."

"Wamekataa?"

Aliikunja barua. "Hapana. Hakuna aliyekataa."

"Wamekubali?"

"Hakuna aliyejibu."

Nilitoka pale na udadisi mkubwa kuliko hasira. Nyuma ya karatasi ya mahudhurio nikachora mlinzi chini, juu yake msimamizi, juu yake meneja, juu yake Dar, juu yake mstari unaokwenda nje ya ukurasa. Kila mtu niliyemjua kwenye mchoro ule alikuwa anataka njia ifunguliwe. Nilijaribu kuelewa: watu wote wanataka, na njia imefungwa. Sasa anayeifunga ni nani?

Mlinzi wa upande ule alikuwa Mpogoro mmoja mtu mzima, mwenye mvi masharubuni tu. Alikuwa ameshafanya kazi nyingi. Aliwahi hata kukata mbao milimani. Kazi ya ulinzi aliipenda. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi kila siku, na alinieleza zaidi ya mara moja kwamba tangu azaliwe alikuwa hajawahi kupata likizo yenye malipo hadi alipoajiriwa pale, na kwamba likizo ya kwanza alikaa nyumbani siku mbili akadhani anaumwa.

Masika ya mwaka ule mvua zilikuwa nyingi. Asubuhi moja, kama saa nne, nilikuwa nimekwenda kwenye kibanda chake kupeleka karatasi ya zamu nikasikia watu wanaita kutoka ng'ambo ya uzio. Walikuwa wanaume wanne wamebeba kitanda cha kamba, na mama mtu mzima anatembea kando yake ameshika mwavuli uliovunjika. Juu ya kitanda alikuwa amelala mwanamke mmoja wa vibarua wetu. Nilikuwa nimemwandikisha kwa mkono wangu misimu miwili, na wiki chache kabla alikuwa ameacha kuja kwa sababu tumbo lilikuwa limekua.

"Tangu jana anahangaika," alisema yule mama, mkwe wake. "Kule mfereji umefunika gogo. Hatuwezi kupita. Mzee, shikamoo, tusaidie."

"Marahaba," alisema mlinzi, na akatoa simu.

Alimpigia msimamizi. Msimamizi akamwambia asubiri, yeye atampigia meneja. Tukasubiri. Mvua ilikuwa nyembamba lakini haikomi. Msimamizi akapiga tena: meneja yuko Dar kwenye mkutano, simu imezimwa. Mlinzi akauliza, "Kwa hiyo?" Msimamizi akasema, "Kwa hiyo sina ruhusa, mzee. Ngoja nijaribu namba nyingine."

Mwanamke hakuwa anapiga kelele. Alikuwa akitoa sauti ndogo, kama mtu anayekubaliana na jambo asilolipenda. Mlinzi alimtazama, akanitazama mimi. Nikiri hapa kwamba sikusema kitu. Nilikuwa na mkataba wa kurasa saba na mtoto nyumbani.

Alichomoa panga kibandani, akaligeuza mgongo, akaanza kung'oa vifungo vya nyaya kwenye nguzo. Waya wa chini ukalegea, kisha wa kati. Waya wa juu haukukubali, kwa hiyo wanaume wawili waliunyanyua kwa fimbo na kitanda kikapita chini yake. Ndipo nami nikasogea. Nikashika ncha moja ya kitanda, tukakata moja kwa moja katikati ya kitalu cha mbegu, mpunga umefika magotini, tukiukanyaga, hadi barabara ya trekta ambako pikipiki ya miguu mitatu ya shamba ilikuwa imeegeshwa.

Mtoto alizaliwa zahanati kabla ya saa saba. Wa kike. Mama yake alipoteza damu nyingi, akapelekwa hospitali Ifakara, akakaa siku kadhaa, akarudi. Nesi wa zahanati aliniambia bila kupamba maneno kwamba wangezunguka, mama na mtoto wasingefika wakiwa hai wote wawili.

Kitalu kilikataliwa.

Baada ya wiki mbili mlinzi aliitwa kwenye kikao cha nidhamu, na mimi nikapangiwa kuandika muhtasari. Tulikuwa watano mezani. Hakukuwa na mtu mbaya pale. Nimewakumbuka mara nyingi mmoja mmoja nikimtafuta, simpati. Ofisa wa utumishi alisoma kifungu: kufungua mpaka wa shamba bila kibali, kusababisha hasara. Meneja aliuliza kama kuna la kuongeza. Mlinzi alisimama, ameshika kofia.

"Niliipigia simu kampuni," alisema. "Haikupokea."

Niliandika maneno hayo kama yalivyo. Ofisa wa utumishi aliniomba nibadilishe niandike "mtuhumiwa alijaribu kuwasiliana na uongozi." Nikabadilisha.

Uamuzi haukufanyika pale. Fomu ilitumwa Dar, na baada ya siku kumi ikarudi na kisanduku kimoja kimewekwa alama ya vema. Aliachishwa kazi. Kila kitu kilifuata sheria, hata notisi, hata cheti cha utumishi chenye maneno mazuri. Meneja alimkabidhi mwenyewe, akavua kofia. Halafu akarudi ofisini kwake akafunga mlango, na siku ile hakula wali.

Nilimkumbuka mzee wa duka kwenye kile kiti chake cha mbao. Yeye aliniachisha kazi kinyume na kila sheria, lakini alikuja kwangu kwa miguu yake, na mimi ningeweza kumwambia, "Mzee, hapana," na tungebishana, pengine angeshindwa. Mlinzi angemwambia nani? Kile kisanduku kilijazwa na mtu ambaye hakuwahi kuuona uzio, na yawezekana siku ile alijaza visanduku vingine vingi na kwenda nyumbani ameridhika na kazi yake.

Miezi michache baadaye alikuja mgeni kutoka makao makuu, dada mmoja Mtanzania, kijana kuliko mimi, mwenye kompyuta na buti mpya. Alikuja kukagua "mahusiano na jamii." Nilipewa kazi ya kumtembeza. Tulipokaa kunywa chai nikamwuliza swali langu la siku zote.

"Dada, samahani. Mwenye kampuni hii ni nani?"

Alicheka, halafu akaona kwamba sicheki.

"Inamilikiwa na kampuni nyingine," alisema.

"Na hiyo nyingine?"

"Hiyo ina wanahisa. Wengi wao ni mifuko ya pensheni ya huko nje. Walimu wastaafu, manesi, madereva wa treni. Walikatwa kidogo kidogo kwenye mishahara yao, pesa hizo zikawekezwa."

"Manesi?"

"Ndiyo, manesi pia."

"Wanajua kwamba wana shamba huku?"

"Sidhani. Wanapata barua moja kwa mwaka, wengine hawaifungui."

Nilikuwa nimetegemea tajiri. Nilikuwa nimeshamtengenezea hata uso. Badala yake nimepewa nesi mstaafu katika nchi ya baridi, amevaa soksi nzito, anasubiri chai ichemke. Mtu ambaye maisha yake yote alikuwa akizalisha wanawake. Ningemwambia habari ya kitanda kile cha kamba angepiga kelele tufungue uzio mara moja. Na yeye ndiye aliyeufunga, kwa namna ambayo hawezi kuijua. Sikuweza kumchukia, na sikuweza kumwacha.

"Twende tukatembee," nilimwambia yule mgeni. "Nikuonyeshe njia ya kwenda zahanati."

Nilimpeleka kitongojini kwa gari, kwa barabara ndefu ya nyuma inayopitika mvua zikikatika, kisha tukarudi kwa miguu kwa mzunguko, kama wanavyofanya wao. Nilikusudia. Tulifuata mfereji, tukavuka gogo, yeye akivuka kwa kukaa na kujisogeza, kisha mbuga. Buti zake mpya zilibaki kwenye tope mara mbili. Mwanzoni aliuliza maswali na kuandika kwenye simu. Baadaye akaitia simu mfukoni. Njiani nilimweleza yote, pamoja na mimi kunyamaza siku ile. Tulipofika zahanati alikaa kwenye benchi na akina mama, akasema, "Kwenye ramani ni mstari tu." Alionekana kama mtu aliyedanganywa na kitu alichokichora mwenyewe.

Geti lilichukua miezi mingi mingine. Lilikuja na kibao, na njia nyembamba yenye uzio pande zote mbili ili anayepita asiguse mpunga. Watu wa kitongoji walifurahi. Lakini geti lilikuwa na kufuli, na ufunguo ulikaa kwa msimamizi, na msimamizi alitakiwa kupata kibali cha kulifungua baada ya saa za kazi.

Hapo ndipo wanawake wa mbelewele walipoamka. Walikuwa wameshafungua tawi la chama cha wafanyakazi, kwanza kwa ajili ya kivuli cha kupumzikia, na mwenyekiti wao alikuwa yule mama wa buti za kanisani. Alinijia na daftari.

"Mwanangu, wewe unajua lugha yao. Tuandikie sentensi moja. Moja tu, wasije wakapotelea ndani yake."

Niliandika: Mtu akiletwa mgonjwa getini, mlinzi atafungua kwanza na kutoa taarifa baadaye, na hataadhibiwa kwa kufungua.

Tuliipeleka kwa meneja, akaitia sahihi kuunga mkono na kuituma. Dar waliirudisha ikiwa nusu ukurasa, yenye "isipokuwa" nne. Mama akakataa. Tukatuma tena. Ikarudi na "isipokuwa" mbili. Akakataa tena, na wanawake wakasema kwamba siku ya wakaguzi wa mbegu watabaki nyumbani wote. Mahindi hayasubiri. Mbelewele zikichanua umechelewa. Safari ya tatu ilirudi sentensi moja, na neno "hataadhibiwa" lilikuwamo. Sasa imebandikwa kibandani, ndani ya plastiki, na ufunguo umetundikwa kando yake.

Binti yangu yuko sekondari, na mwalimu wao aliwapa mada ya mdahalo kuhusu makampuni makubwa, kama yanadhuru wafanyakazi na jamii au la. Aliniuliza niko upande gani. Nilimwambia kwamba yeye mwenyewe amenyonyeshwa nikiwa sina kazi, na mdogo wake amenyonyeshwa nikiwa kwenye likizo yenye malipo, na tofauti hiyo ni kampuni. Kisha nikamsimulia habari ya mlinzi. Akasema, "Mama, hujajibu." Ni kweli. Nilimshauri asiulize tu kama kampuni ni kubwa. Aulize mwenye uwezo wa kusema ndiyo anakaa umbali gani kutoka mahali mtu anapoumia. Alisema hilo halifai kwenye mdahalo, ni refu mno.

Tawi liliomba pia mlinzi arudishwe. Jibu lilikuwa la heshima: utaratibu hauruhusu kumwajiri tena aliyeachishwa kwa kosa la nidhamu. Tumeomba mara mbili. Tutaomba tena.

Mwezi uliopita nilikwenda kumwona. Anaishi Sanje kwa mtoto wake wa kike, chini ya milima, na analima ndizi ambazo wanaziuza kando ya barabara. Nilimkuta amevaa shati lililopigwa pasi. Nikamwamkia, tukakaa, nikamweleza habari ya geti na ile sentensi. Aliniomba nimsomee, nikamsomea kwenye simu. Aliniomba nirudie.

"Imeandikwa vizuri," alisema.

Nilikuwa nimejiandaa kumwomba radhi kwa siku ile ya uzio, na kwa yale maneno niliyobadilisha kwenye muhtasari. Nilipoanza, alinikatiza kwa kunipa ndizi.

"Mzee, wangekuita leo, ungerudi?"

"Kesho asubuhi," alijibu bila kufikiri. "Ile ilikuwa kazi nzuri. Hapa sina likizo, mwanangu. Ndizi haina likizo."

Tulicheka wote wawili. Kisha akauliza kama yule mtoto aliyezaliwa siku ile ya mvua ameshaanza kutembea, nikamwambia ameshaanza, na kwamba mama yake amerudi kwenye mbelewele. Akataka kujua wamempa jina gani. Nilipomtajia alitikisa kichwa, akasema hilo jina ni la kwao kabisa, akaanza kunihesabia ndugu zake wote wanaoitwa hivyo, hadi gari la Ifakara likapiga honi barabarani na ikabidi nikimbie.